Mwanafunzi akitoweka chuoni, ni kazi ya nani kuanza kumtafuta?

Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1998, Suzanne Lyall, mwanafunzi wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Albany, alimaliza zamu yake ya kazi katika duka moja la programu na michezo ya kompyuta, akapanda basi la kurudi chuoni na kushuka kituo cha Collins Circle, mnamo saa nne kasorobo usiku. Kutoka hapo hadi bwenini kwake ni mwendo wa dakika chache. Hakufika. Kesho yake, saa kumi jioni, kadi yake ya benki ilitumika kutoa dola 20 kwenye mashine iliyokuwa katika duka moja mjini humo, na aliyeitumia aliijua namba ya siri. Miezi miwili baadaye kibandiko chake cha jina, kile alichokuwa akivaa kazini, kiliokotwa ndani ya eneo la chuo. Basi. Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa, hakuna mwili uliopatikana, na jalada bado liko wazi.

Kesi ya namna hii huwavuta watu kwa sababu inaonekana kama fumbo linalongoja mtu mwerevu. Kituo cha basi, dola 20, namba ya siri, kibandiko cha jina: vipande vichache, na kila anayevisoma huhisi angeweza kuviunganisha. Mimi sina nadharia ya kuongeza juu ya zile zilizopo. Ninachokiona, kila ninapozirudia kesi za wanafunzi waliotoweka katika vyuo vya Marekani, ni kwamba zile zilizokosa jibu hazikulikosa kwa sababu tukio lilikuwa la ajabu kuliko akili ya binadamu. Zililikosa kwa sababu saa za mwanzo hazikuwa na mwenyewe. Rafiki alidhani yuko salama mahali fulani, chuo kikawangoja polisi, polisi wakangoja dalili ya uhalifu, wazazi nao wakaambiwa wawe na subira. Kila mmoja alikuwa na sababu iliyosikika kuwa ya busara. Sababu hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa, kuliko hata nyayo zenyewe.

Turudi nyuma hadi tarehe 1 Desemba 1946, jimbo la Vermont. Paula Jean Welden, miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo cha Bennington, alimaliza zamu yake ya kuhudumu katika ukumbi wa chakula, akabadilisha nguo, akavaa koti jekundu, suruali ya jinzi na viatu vya raba, akamwambia mwenzake wa chumbani kwamba anakwenda kutembea mwendo mrefu kidogo. Hakubeba begi. Hakuchukua nguo za kubadilisha, na hundi ambayo hakuwa ameigeuza kuwa pesa aliiacha chumbani. Alipewa lifti barabarani na dereva mmoja, akashuka karibu na Njia Ndefu, ile njia ya miguu inayokatiza milima ya Vermont kutoka kusini hadi kaskazini, na watu waliokutana naye huko walikumbuka kwamba aliuliza njia ile inafika wapi. Jua la Desemba huzama mapema katika milima ile. Nguo alizovaa hazikuwa za kulala nje.

Usiku ule mwenzake wa chumbani aliona kitanda kitupu akadhani Paula yuko maktaba anasoma. Nani angemlaumu? Ni dhana ambayo yeyote aliyewahi kukaa bwenini angekuwa nayo. Asubuhi yake, alipokosekana darasani, chuo kiliwapigia wazazi simu na msako ukaanza. Hapo ndipo udhaifu wa pili ulipoonekana, mkubwa kuliko ule wa kwanza: Vermont haikuwa na polisi wa jimbo. Ilikuwa na sherifu wa kaunti na mwendesha mashtaka wa kaunti, watu waliozoea wizi wa mifugo na ugomvi wa mipaka kuliko kazi ya kusaka milima mizima. Wanafunzi na walimu waliacha masomo wakajipanga mistari kuvuka misitu. Gavana alilazimika kuomba msaada wa polisi wa Connecticut na New York. Baba yake Paula, mhandisi wa viwanda aliyesafiri mara moja kutoka Connecticut, alilalamika hadharani kwamba msako ulikuwa wa kubahatisha, bila kumbukumbu za nani amehojiwa na wapi pameshapitiwa. Malalamiko yake yalifika kwenye Bunge la jimbo, na mwaka uliofuata, Julai 1947, Polisi wa Jimbo la Vermont walianza kazi.

Jimbo zima likapata jeshi la polisi. Familia ya Welden haikupata hata kifungo cha koti.

Nataka kukaa kidogo kwenye lile neno la maktaba, kwa sababu linajirudia kwa sura tofauti. Zaidi ya miaka sita baadaye, tarehe 19 Aprili 1953, Ronald Tammen, miaka 19, alitoweka katika bweni la Fisher Hall, Chuo Kikuu cha Miami kilichopo Oxford, jimbo la Ohio. Taa ya chumba ilikuwa inawaka. Kitabu cha saikolojia kilikuwa wazi mezani. Pochi ilikuwepo, gari lilikuwa limeegeshwa nje. Mwenzake wa chumbani aliporudi usiku alidhani Ronald amekwenda kulala kwenye nyumba ya chama chake cha wanafunzi. Chumba kilichoonekana kama cha mtu anayerudi baada ya dakika tano ndicho kilichowafanya watu wasiwe na wasiwasi kwa muda uliotosha kuharibu kila kitu. Maisha ya chuoni yamejaa maelezo yasiyo na hatia ya kwa nini mtu hayupo: yuko maktaba, amelala kwa rafiki, amekwenda kwao wikiendi, anakesha na wenzake kwa ajili ya mtihani. Nyumbani kitanda kitupu ni habari. Bwenini ni jambo la kila siku. Kwa hiyo mtu akitaka kumdhuru mwanafunzi, au mwanafunzi akipata ajali peke yake, bweni humpa tukio hilo kifuniko cha saa ishirini au thelathini bila mtu yeyote kukusudia.

Kesi ya Bennington, kwa bahati mbaya, ilikuja kuwa ngano. Kwa kuwa watu wengine nao walitoweka katika eneo lile kati ya 1945 na 1950, miongo kadhaa baadaye pakapewa jina la Pembetatu ya Bennington, na pamoja na jina hilo zikaja hadithi za milima inayomeza watu. Siwezi kuzisoma hadithi hizo kwa furaha. Mlima ukishalaumiwa, hakuna haja tena ya kuuliza kwa nini sherifu hakuandika majina ya waliohojiwa. Msichana wa miaka 18 aliyevaa viatu vya raba anageuzwa kuwa mhusika wa hadithi ya kusisimua, na uzembe wa ofisi unapata msamaha ambao hakuna aliyeuomba.

Sasa kuna kesi moja ambayo kwa miaka 25 iliitwa fumbo, kisha ikafika mahakamani, na ndiyo inayonifanya niamini ninachokiamini. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 25 Mei 1996, Kristin Smart, miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha Cal Poly mjini San Luis Obispo, California, alikuwa anarudi bwenini kutoka kwenye sherehe mnamo saa nane usiku. Aliyekuwa naye katika hatua za mwisho ni mwanafunzi mwenzake, Paul Flores, aliyejitolea kumsindikiza. Kristin hakuwa na pesa wala kadi ya benki wala kitambulisho. Vitu vyake vilibaki chumbani kama alivyoviacha.

Marafiki wa bwenini walishtuka mapema na wakatoa taarifa. Lakini ilikuwa wikiendi ndefu ya sikukuu, ile ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki vitani, na polisi wa chuo waliona kwamba huenda msichana amesafiri. Siku kadhaa zilipita kabla ya jambo lile kuchukuliwa rasmi kuwa la mtu aliyepotea. Ripoti yao ya mwanzo ni waraka unaokera hadi leo. Badala ya kueleza kwa kina nani alimwona mara ya mwisho na wapi, ilitumia nafasi yake kueleza kwamba Kristin alionekana amelewa, kwamba usiku ule alizungumza na wavulana kadhaa, kwamba hakuwa na marafiki wa karibu na aliishi maisha yake apendavyo. Ukiisoma unaona mtu anayejenga hoja ya kutomtafuta. Mtu aliyetakiwa kuulizwa maswali magumu alikuwa na jicho lililovimba. Chumba chake kilikuwa umbali mfupi kutoka bwenini kwa Kristin. Na chumba hicho hakikufungwa.

Muhula ukaisha. Flores alihama, chumba kikasafishwa kama vyumba vyote vinavyosafishwa kila mwisho wa mwaka. Ni mwishoni mwa Juni, wakati ofisi ya sherifu wa kaunti ilipokuwa imeshachukua kesi, ndipo mbwa waliofunzwa kunusa maiti walipoletwa. Mbwa kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha ishara kwenye chumba hicho. Harufu ilikuwepo, lakini kila kitu kilichoweza kuithibitisha kilikuwa kimeshafagiliwa. Flores alikamatwa Aprili 2021, baada ya mpelelezi wa kujitolea kuifufua kesi kwa podikasti aliyoianza mwaka 2019 na mashahidi wapya kujitokeza. Tarehe 18 Oktoba 2022 jopo la waamuzi lilimkuta na hatia ya mauaji, na Machi 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Mwili wa Kristin haujapatikana. Mwaka huo huo wa 2023 mkuu wa chuo, Jeffrey Armstrong, aliiomba familia radhi hadharani.

Tazama kilichomtia hatiani. Mtu wa mwisho kuwa naye alijulikana tangu wiki ya kwanza. Jicho lililovimba lilionekana tangu wiki ya kwanza. Chumba kilikuwepo, na anwani yake ilijulikana. Yaliyoongezeka miaka ishirini na tano baadaye yalikuwa muhimu, lakini kiini cha kesi hakikuvumbuliwa mwaka 2021. Kilikuwa mikononi mwa chuo Mei 1996, katika siku zile zile ambazo watu wazima wenye vyeo walikuwa wakisubiri wikiendi iishe.

Ndiyo maana nasema kalenda ya chuo nayo ni hatari, na hili halisemwi vya kutosha. Mtaa wa kawaida ukipatwa na tukio, majirani wanabaki. Duka la kona linabaki, mama wa nyumba ya pili anabaki na kumbukumbu yake, na mpelelezi akirudi baada ya mwaka atawakuta. Chuo ni mji unaohama. Vyumba hukabidhiwa, kuta hupakwa rangi, magodoro hubadilishwa. Shahidi aliyekuwa chumba cha tatu sasa yuko jimbo jingine na jina la ndoa. Kila baada ya miaka minne karibu wakazi wote wamekuwa wapya, na wanaoijua kesi wanaijua kama hadithi ya bweni. Mahali pa namna hiyo, kuchelewa kwa wiki mbili kunaweza kuwa sawa na kuchelewa kwa miaka kumi kwingineko. Utaratibu wowote wa upelelezi usiozingatia hilo umetungwa kwa ajili ya mahali pengine.

Hoja kubwa inayosimama njiani ni ile ya utu uzima, na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa haikutoka kwa watu wavivu. Zamani vyuo vya Marekani vilihesabiwa kuwa vinasimama mahali pa mzazi. Mwaka 1913 mahakama ya Kentucky, katika kesi iliyohusu Chuo cha Berea, ilisema hivyo waziwazi: chuo kina mamlaka juu ya mwenendo wa wanafunzi kama baba alivyo na mamlaka kwa mwanawe. Mamlaka hayo yalitumika vibaya. Mwaka 1960 wanafunzi Weusi wa chuo cha serikali mjini Montgomery, Alabama, waliomba kuhudumiwa katika mgahawa wa Wazungu uliokuwa ndani ya jengo la mahakama ya kaunti, na chuo kikawafukuza baadhi yao bila hata kuwasikiliza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1961 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikaamua, katika kesi ya Dixon, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa na nafasi ya kujitetea. Mlango ulifunguka hapo. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18, na mwaka 1974 ikaja sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu, inayompa mwanafunzi wa chuo, na si mzazi wake, haki juu ya taarifa zake.

Haya yalikuwa mafanikio, na wapo waliolipia kwa kufukuzwa masomo. Sitaki hata moja lirudishwe nyuma. Kilichoniuma ni kuona namna vyuo vilivyopokea uhuru wa wanafunzi kwa mkono mmoja na kutua mzigo kwa mkono wa pili. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Bradshaw iliyotokana na ajali baada ya mandari ya wanafunzi, ilikubali kwamba chuo cha kisasa si mdhamini wa usalama wao. Kuanzia hapo jibu la "ni mtu mzima" likawa rahisi kutamka katika ofisi yoyote. Mahakama zimeanza kuurudisha mzigo kidogo kidogo: Massachusetts mwaka 1983, katika kesi ya mwanafunzi aliyebakwa ndani ya Chuo cha Pine Manor, na California mwaka 2018, ambako mahakama ya juu ilisema chuo kikuu kina wajibu wa kuwalinda wanafunzi wake darasani dhidi ya hatari inayoweza kuonekana mapema. Lakini mazoea ya ofisini hubadilika polepole kuliko hukumu.

Uhuru wa wale vijana wa Montgomery ulikuwa uhuru wa kuamua mambo yao. Haukuwa ruhusa kwa wakubwa kutoangalia pale kijana anapokuwa hawezi tena kuamua chochote. Mtu mzima wa miaka 45 akikosekana kazini siku mbili, na funguo na pochi vimeachwa mezani, hakuna anayesema tumwache ana haki ya kutoweka. Inakuwaje utu uzima wa miaka 19 uwe sababu ya kutafutwa polepole zaidi?

Wapo watakaoniambia kwamba wengi hurudi, na ni kweli. Hifadhidata ya taifa ya FBI hupokea zaidi ya taarifa 500,000 za watu waliopotea kila mwaka, na sehemu kubwa mno ya watu hao hupatikana. Afisa wa polisi wa chuo aliyeona wanafunzi kumi wakirudi na aibu usoni baada ya wikiendi ana sababu ya kudhani wa kumi na moja naye atarudi. Tena wapo wanaoondoka kwa hiari, wengine wakikimbia nyumba za vipigo, na kumpigia mzazi simu kunaweza kuwa kumkabidhi mtoto kwa mtu anayemkimbia. Hofu hii ni ya haki. Jibu lake ni kwamba kutafuta na kufichua ni kazi mbili tofauti. Polisi wakimpata mtu mzima aliyeondoka kwa hiari wanaweza kuiambia familia kwamba yu hai na hataki mawasiliano, wakafunga jalada. Hakuna siri iliyovuja. Msako wa bure kwa mtu aliyekwenda ufukweni hugharimu saa chache za askari. Msako uliocheleweshwa kwa Kristin uligharimu robo karne, na bado familia haina kaburi.

Wazazi wa Suzanne Lyall walilielewa hili mapema. Walilalamikia namna suala la binti yao lilivyoshughulikiwa mwanzoni, na badala ya kuishia kwenye malalamiko waligeuka kuwa watunga sheria wasio na viti Bungeni. Mwaka 1999 New York ilipitisha sheria inayovitaka vyuo kuwa na mpango rasmi wa kupeleleza kesi za wanafunzi waliopotea na za uhalifu mkubwa wa kutumia nguvu. Tarehe 30 Aprili 2003 Rais George W. Bush alitia saini sheria kubwa ya ulinzi wa watoto ambayo ndani yake kulikuwa na kifungu kinachojulikana kama Sheria ya Suzanne. Kabla ya hapo polisi walilazimika kuingiza taarifa ya aliyepotea katika hifadhidata ya taifa bila kusubiri pale tu alipokuwa chini ya miaka 18. Kifungu hicho kikaupandisha umri hadi 21. Kwa lugha nyingine, taifa likakiri kwamba kijana wa miaka 19 aliyetoweka ni jambo la dharura. Huko California nako, mwaka 1998, sheria yenye jina la Kristin Smart ilivitaka vyuo viandikiane na polisi wa eneo makubaliano ya nani atapeleleza uhalifu gani. Inasikika kama karatasi tu. Lakini ukikumbuka wiki zile ambazo polisi wa chuo walilikalia jalada wasiloliweza, unaona kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyokosekana.

Kisha ikaja sheria ya shirikisho ya Agosti 2008 kuhusu elimu ya juu, na hapa ndipo penye tatizo langu la leo. Sheria hiyo inakitaka kila chuo chenye mabweni kiwe na utaratibu wa wanafunzi waliopotea. Kila mkazi wa bweni apewe nafasi ya kuandikisha kwa siri mtu wa kutaarifiwa iwapo atapotea, ambaye si lazima awe mzazi. Kwa mtoto anayekimbia nyumba yenye vipigo, kifungu hicho ni ngao, na aliyekifikiria alifikiria vizuri. Kisha utaratibu unasema: mwanafunzi akithibitika kuwa amepotea kwa saa 24, chuo kiwataarifu mtu huyo na polisi wa eneo ndani ya saa 24.

Zihesabu. Saa 24 za kuthibitika, saa 24 za kutaarifu. Chuo kinaweza kutumia siku mbili nzima na bado kikasema kimetimiza sheria. Kadi ya Suzanne ilitumika saa kumi na nane hivi baada ya yeye kushuka kwenye basi. Chini ya utaratibu huo wa siku mbili, mashine ile ya pesa ingekuwa imeshatoa dola 20 na mteja kuondoka zake kabla ya zile saa 24 za kwanza za kisheria kwisha. Saa 24 katika sheria ni ukomo wa juu, na chuo kinaruhusiwa kuanza mapema, lakini anayejua namna ofisi zinavyofanya kazi anajua kwamba ukomo wa juu hugeuka kuwa desturi. Zaidi ya hapo, sheria inawahusu wanaokaa mabweni ya chuo tu. Anayepanga chumba ng'ambo ya barabara, kama walivyo wanafunzi wengi kuanzia mwaka wa pili, hayumo.

Na tukumbuke kwamba mwaka 1946 chuo hakikuwa na kitu cha kuwapa wapelelezi zaidi ya picha na ratiba ya masomo. Leo chuo ndicho kinachomiliki ushahidi wa saa za mwanzo. Kadi ya mlango wa bweni huandika nani ameingia na saa ngapi. Kadi ya chakula huandika mlo wa mwisho. Mtandao wa intaneti wa chuo hujua simu iliunganishwa mara ya mwisho karibu na jengo lipi. Kamera za korido hurekodi, kisha hufuta na kurekodi upya baada ya siku au wiki kadhaa. Rafiki hana hivyo vyote, mzazi hana, polisi wa mji hawana mpaka waombe. Sheria ya faragha ya 1974 haizuii kuvitoa, kwa sababu ndani yake mna ruhusa ya kutoa taarifa pale panapokuwa na dharura ya afya au usalama wa mtu. Kwa hiyo chuo kinachosema kilikuwa kinasubiri uthibitisho kinajua kwamba uthibitisho huo umelala katika kompyuta zake chenyewe.

Ninachodai si kikubwa. Saa ianze kuhesabiwa pale mtu wa kwanza anapotoa taarifa, awe mwenzake wa chumbani, bosi wa kazini au mama kwenye simu. Ndani ya saa mbili tatu chuo kiangalie kumbukumbu za mlango, chakula na mtandao, na kiagize kamera zisifutwe. Chumba cha aliyetoweka, na chumba cha yeyote aliyeonekana naye mwisho iwapo kiko chini ya chuo, kisiguswe na wasafishaji mpaka polisi waseme, hata kama muhula umekwisha. Na wasiokaa bwenini wahesabiwe.

Hakuna chuo kinachohitaji kuisubiri Washington kwa hayo. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Oktoba, vyuo vya Marekani vinavyopokea fedha za shirikisho hulazimika kuchapisha ripoti ya usalama, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1990 baada ya mwanafunzi Jeanne Clery kuuawa katika bweni lake huko Chuo Kikuu cha Lehigh, na utaratibu wa wanafunzi waliopotea huwa umeandikwa humo. Mara nyingi ni aya moja au mbili, ndani kabisa, baada ya majedwali ya takwimu. Mzazi anayempeleka mtoto chuoni aitafute aya hiyo kabla ya kulipa ada, aone imeandikwa saa ngapi, na aulize kwa barua ni ofisi gani, na simu ya nani, inayoanza kazi kabla ya saa hizo kwisha.